Carl Akeley, Fundi Aliyeipima Afrika kwa Inchi

Kama hujafika Pipeline, ndugu msomaji, hebu nikueleze kidogo. Ni mtaa ulio upande wa mashariki wa Nairobi, katika eneo la Embakasi, na jina lake limetokana na bomba la mafuta lipandalo bara kutoka kwetu Mombasa. Majumba yake ni marefu na yamesongamana, hata jirani wa ng'ambo aweza kukupa chumvi dirishani. Jua likiingia huingia kwa kuiba, likatoka mara. Mimi niliyezoea kukaa barazani na kupunga upepo wa kusi niliona kifua kinanibana tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa nimetumwa. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, amepanga huko chumba kimoja ghorofa ya sita. Jamaa walikuwa wamekata shauri kuiuza nyumba ya marehemu baba, iliyoko Mji wa Kale, Mombasa, na karatasi zilitaka saini ya kila mrithi. Fungu la mama yake lilimwangukia yeye. Basi nikapewa karatasi, nikapewa na nauli, nikaambiwa nisirudi bila ya saini.

Nilimkuta amekaa sakafuni, anakata matofali. Si matofali ya kujengea nyumba ya watu; yalikuwa madogo mno. Hiyo ndiyo kazi impayo riziki. Wanafunzi wa usanifu wa majengo na makampuni yanayotaka kuwaonyesha wateja nyumba ambazo hazijajengwa humjia awafanyie vielelezo. Tofali la saruji la urefu wa sentimita 40, kimo na unene wa sentimita 20, kwa kipimo cha moja kwa hamsini huwa na urefu wa milimita 8, kimo milimita 4 na unene milimita 4. Yeye humimina plasta laini juu ya kioo, kati ya vijiti viwili vyenye unene sawa, akaisawazisha kwa rula. Huingoja ikaze lakini isikauke, kisha huikata kwa wembe. Matofali hukauka kivulini ili yasipasuke. Hayapaki rangi moja, kwani hakuna ukuta wa kweli wenye rangi moja; mengine huyatia chai, mengine majivu. Kadibodi ya sanduku akiilowesha na kuibandua ngozi ya juu, ile mikunjo ya ndani humpa mabati ya paa. Sponji iliyokatwakatwa na kutiwa rangi ya kijani huwa ndiyo miti.

Nilicheka. Nikamwuliza kama huu si mchezo wa watoto, na kama kwa elimu aliyoipata hakuona kazi ya watu wazima. Hakukasirika. Akaniita mjomba kwa adabu, akanionyesha picha aliyoibandika ukutani, ya mzungu mmoja mwembamba mwenye upara, akaniambia kuwa yule ndiye mwalimu wake ingawa hawakupata kuonana. Jina lake Carl Akeley. Mimi ni mwandishi wa magazeti miaka mingi, na ugonjwa wetu ni kutoweza kuliacha jina lipite. Nikaitafuta habari yake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Carl Ethan Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika shamba huko Clarendon, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na kitu kikubwa. Tangu udogoni alikuwa mtoto wa kimya, apendaye kukaa msituni kutazama ndege kuliko kucheza na wenziwe. Akajifunza mwenyewe kukausha ngozi za ndege na wanyama na kuzijaza zionekane kama viumbe hai. Alijifunza pia kupaka rangi, ili nyuma ya ndege wake aweke picha ya mahali alipoishi. Hapo ndipo penye mbegu ya maisha yake yote: hakuridhika na ndege peke yake, alitaka na nyumba ya ndege.

Alipokuwa kijana wa miaka 19 alikwenda mji wa Rochester, akaajiriwa katika karakana ya Ward iliyokuwa ikiwauzia majumba ya makumbusho wanyama waliokaushwa. Mshahara wake ulikuwa dola tatu na nusu kwa wiki. Kazi ya siku zile ilikuwa ya kulipua. Ngozi ilining'inizwa kichwa chini, ikashindiliwa majani makavu na matambara mpaka ikajaa kama gunia, ikashonwa. Simba akatoka na tumbo la godoro. Kijana huyu aliona haya kwa niaba ya simba.

Mwaka 1885 ndovu mashuhuri aliyeitwa Jumbo, aliyekuwa mali ya tajiri wa maonyesho P. T. Barnum, aligongwa na garimoshi huko Kanada akafa. Ngozi yake ililetwa kwa Ward, na Akeley akawa miongoni mwa mafundi walioisimamisha upya juu ya kiunzi cha mbao. Ndovu wa Afrika akawa ndiye aliyemfungulia mlango, kabla yeye mwenyewe hajaiona Afrika.

Kutoka huko alihamia makumbusho ya mji wa Milwaukee. Huko ndiko alikotengeneza, mwaka 1890, kitu ambacho wajuzi wengi wanakihesabu kuwa ni mwanzo wa ufundi unaoitwa dayorama. Dayorama ni chumba kidogo chenye kioo mbele. Ndani mna mnyama, majani, maji na udongo wa mahali pake, na ukuta wa nyuma umechorwa mbingu na upeo wa macho hata mtazamaji asijue kitu cha kweli kimeishia wapi na picha imeanzia wapi. Hiyo ya kwanza haikuwa ya simba wala ya ndovu. Ilikuwa ya panya-maji wa Marekani, mnyama mnyonge ajengaye kijumba chake kwa majani na matope katikati ya maji. Akeley alimwonyesha pamoja na kijumba chake. Mpwa wangu alipofika hapa katika kunisimulia alitabasamu, akaendelea kukata matofali.

Mwaka 1896 Akeley, ambaye sasa alikuwa fundi wa makumbusho ya Field mjini Chicago, alifika Afrika kwa mara ya kwanza. Walishukia Berbera, katika nchi ya Wasomali. Huko lilimpata jambo lililolieneza jina lake. Jioni moja chui jike aliyejeruhiwa alimrukia. Bunduki ikaanguka. Chui akamng'ata mkono wa kulia, naye kwa mkono wa kushoto akamkaba koo. Badala ya kuuvuta mkono uliokuwa kinywani akausukuma ndani zaidi ili mnyama apaliwe, kisha akamwangukia na kumkandamiza kifua kwa magoti mpaka mbavu zikavunjika. Chui akafa, mtu akapona. Ipo picha yake akiwa na bandeji mkononi, chui ametundikwa kando yake.

Aliporudi Chicago ndipo alipoibadili kazi ya kukausha wanyama ikawa sanaa. Aliacha majani makavu na matambara. Alichukua vipimo vya mnyama kila kiungo, akatumia mifupa yenyewe kuwa kiunzi, akaujenga mwili kwa udongo wa mfinyanzi, musuli kwa musuli, mshipa kwa mshipa. Juu ya udongo alimimina plasta kupata kalibu, na ndani ya kalibu akatengeneza mwili mwepesi wa karatasi, gunia na wavu wa waya. Mwisho kabisa ndipo ngozi ilipovikwa. Kabla ya haya yote alifinyanga kielelezo kidogo, cha kuwekwa mezani, ili aone mnyama atasimama vipi. Kikubwa kilizaliwa na kidogo. Katika kazi yake ya kulungu wa majira manne ya mwaka, iliyokamilika mwaka 1902, yalihitajika maelfu ya majani ya nta, na mkewe Delia aliyatengeneza kwa mikono, jani baada ya jani.

Sisi wa pwani tuliosomeshwa chuoni tumefunzwa tahadhari na sanamu za viumbe wenye roho, na wanazuoni wengi wametofautisha kati ya hizo na taswira za miti, milima na majumba. Nakiri kuwa nilipokuwa nikizisoma habari hizi moyo wangu ulikuwa ukienda ukirudi. Mpwa wangu yeye amejichagulia upande usio na mzozo: kazi yake ni kuta tu.

Na kuta nazo Akeley hakuziacha. Jengo la makumbusho ya Field lilikuwa limebakia kutoka maonyesho makubwa ya mwaka 1893, nalo halikujengwa likae. Lipu yake ya nje ilikuwa ikimomonyoka na kuanguka. Akeley aliunda chombo cha kurusha mchanganyiko wa saruji kwa nguvu ya hewa kupitia mpira, maji yakikutana nao mdomoni. Hiyo ni mwaka 1907. Ikaitwa bunduki ya saruji, na jengo likapigwa lipu mpya. Leo mafundi ulimwenguni hutumia njia hiyo kuimarisha mahandaki, kingo za barabara za milimani na mabwawa, na wachache katika wao wanajua kuwa asili yake ni fundi wa kukausha wanyama.

Kabla ya hapo, mwaka 1905, alikuwa amekuja Afrika Mashariki pamoja na Delia. Njia ya wakati ule ilikuwa moja: meli mpaka Mombasa, kisha garimoshi hadi Nairobi, mji uliokuwa bado wa mabati na mahema. Reli ile yapita uwanda wa Embakasi, na pale ilipo Pipeline palikuwa na majani na nyumbu. Walikusanya ndovu, na wawili kati yao, mmoja akiwa amepigwa na Delia, ndio wale wanaoonekana wakipigana katika ukumbi wa makumbusho ya Field tangu mwaka 1909 hata leo.

Katika safari ile alijiunga naye kijana wa Kikikuyu mwenye umri wa miaka kama 13, Wimbia Gikungu, ambaye wazungu walimwita Bill. Akawa mbeba bunduki wake na msaidizi wake, na safari nyingine ilipokuja aliitwa tena. Nalitaja jina lake kwa makusudi. Nyuma ya kila kioo kile palikuwa na wafuata nyayo, wachunaji, wapishi na wapagazi waliobeba ngozi na mifupa kwa vichwa vyao, na aghalabu ya majina yao hayakuandikwa popote. Fundi alipima wanyama kwa inchi, lakini watu waliomfikisha kwa wanyama hao walipimwa kwa kuhesabiwa mizigo.

Mwaka 1910, miteremkoni mwa Mlima Kenya, ndovu dume alimshambulia. Akeley alizishika pembe mbili akajirusha katikati yake, na pembe zikazama ardhini. Mkonga ukamponda uso, mbavu zikavunjika. Watu wake walimdhania amekufa. Delia alipopata habari kambini alisafiri usiku kupita msituni mpaka akamfikia na kumwuguza. Katika kulala kitandani kwa muda mrefu ndipo lilipomjia wazo kubwa la maisha yake. Alikwisha kuona, tangu safari ya kwanza hadi ile, jinsi wanyama walivyopungua. Aliamini kuwa watakwisha. Basi akataka kujenga, katika makumbusho ya New York, ukumbi mmoja ambamo Afrika yote itasimama nyuma ya vioo, kila mnyama na mlima wake, ili watakaozaliwa baadaye waone kilichokuwapo.

Jambo kubwa kama hilo lataka fedha, na wenye fedha hawatoi kwa maneno. Alifanya kile mpwa wangu anachofanya Pipeline: akakaa mezani akajenga kidogo. Mwaka 1913 alifinyanga sanamu ndogo ya ndovu wawili wakimwinua mwenzao aliyejeruhiwa. Akatengeneza na mfano mdogo wa ukumbi wenyewe, kuta zake, vioo vyake na ndovu wake katikati, ili tajiri ainame achungulie na kuona lisilokuwapo bado. Mfano ule uliombea fedha pale ambapo barua isingefua dafu.

Nilipofika hapa nilimtazama yule kijana kwa jicho jingine. Lakini kisa hakijakwisha, na lililobaki ndilo lililonigusa zaidi.

Mwaka 1921 Akeley alikwenda Kongo, kwenye milima ya Virunga, kutafuta gorila kwa ajili ya ukumbi wake. Alichukua na kamera ya sinema aliyoibuni yeye mwenyewe, nyepesi na yenye kugeuka upesi, akawa mtu wa kwanza kuwapiga picha za sinema gorila wa porini. Alikwenda akiwa amesikia, kama walivyosikia wazungu wote, kuwa gorila ni dubwana la kutisha. Aliwakuta ni wazazi wenye watoto, wanaomkimbia mtu. Aliwapiga risasi kadiri ya waliohitajiwa kwa kioo kimoja, akapima, akachuna. Lakini alirudi na fadhaa moyoni. Alijiona yeye ndiye mkali na mnyama ndiye mstaarabu.

Basi fundi huyu aliyeamini kuwa vitu vitakufa na kazi yake ni kuviwekea kumbukumbu akageuka. Alianza kuwasumbua wakubwa, akamwendea Mfalme Albert wa Ubelgiji aliyetawala Kongo wakati ule, akawasihi waiache milima ile na gorila wake isiguswe. Mwaka 1925 mbuga ikatangazwa, ikapewa jina la mfalme. Ilikuwa mbuga ya taifa ya kwanza katika bara la Afrika, na leo inaitwa Virunga. Imepitia vita na majangili, na askari wake wengi wamekufa wakiilinda, lakini gorila bado wamo.

Mwaka 1926 alirudi tena, safari hii na mke wa pili, Mary Jobe, na wachoraji wa kuchora mandhari ya ukutani. Afya yake ilikwisha kuvunjika. Aliugua hata akalazwa Nairobi, akainuka kabla ya kupona vyema, akaenda Kongo kwa hamu ya kupaona tena mahali pale alipopapenda kuliko popote duniani. Tarehe 17 Novemba 1926 alifariki kambini katika miteremko ya Mlima Mikeno, umri wake miaka 62, akazikwa huko huko. Ukumbi wake ulifunguliwa mwaka 1936, miaka kumi baada ya yeye kufa, nao una jina lake. Una vioo 28, na ndovu wanane wamesimama katikati. Katika kioo cha gorila, mandhari yaliyochorwa ukutani ni ya milima ile ile, karibu na mahali lilipo kaburi la fundi.

Nimeyapima maisha haya, na naona yana mizani mbili. Upande mmoja kuna mtu aliyeua ili ahifadhi, na damu haifutwi na uzuri wa kioo. Upande wa pili kuna mtu ambaye kwa kupima sana alifika kupenda, na kwa kupenda alifika kulinda. Wengi wetu tunaua bila kupima. Tunabomoa kitu hatujui hata kilikuwa na milango mingapi.

Siku ya tatu nilimtolea mpwa wangu ile karatasi. Hakuikataa. Aliniomba kitu kimoja tu: nimwambie upana wa ukuta wa nyumba ya babu yake. Sikujua. Nimezaliwa humo, nimekhitimu humo, nimetolewa humo kuoa, nami sikujua. Akaniuliza vidaka vya ukuta wa ndani vilikuwa vingapi, vile ambavyo marehemu mama yake aliweka sahani za kigeni. Nikasema saba, kisha nikasema tisa, kisha nikanyamaza.

Tukateremka sote Mombasa na kamba ya kupimia. Ukuta wa matumbawe na chokaa ulikuwa na unene wa nusu mita. Kwa kipimo chake cha moja kwa ishirini na tano utakuwa sentimita 2. Chumba cha ndani kilikuwa na upana wa mita mbili na nusu, nao ukanifunza jambo: vyumba vya wazee wetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na nyumba ilimtii mti. Vidaka vilikuwa kumi na kimoja. Katika kimoja, nyuma ya lipu iliyobanduka, tulikuta alama ya kidole gumba cha fundi aliyeipaka chokaa ile ilipokuwa mbichi. Mpwa wangu akaipima na hiyo.

Jamaa walikuja kutazama tunafanya nini. Mmoja akashika ncha ya kamba, mwingine akashika taa. Shangazi mmoja mzee akatuonyesha mlango uliozibwa kabla mimi sijazaliwa. Siku ile hakuna aliyetaja bei.

Sisemi kuwa nyumba haitauzwa; wenye mali ni wengi na shida ni nyingi, na Mungu ndiye ajuaye. Nasema tu kuwa sasa tunajua tunachokiuza. Kielelezo kinajengwa Pipeline, katika chumba kisicho na jua, tofali kwa tofali, na karatasi bado imo mfukoni mwangu, haijatiwa saini.